Maswali yenu: Kwani chaplaini wa hospitali ni wa dini gani?

Toleo lililopita niligusia juu juu tu kazi yangu, kwamba mimi ni chaplaini wa hospitali, yule mtu anayezunguka wodini hana koti jeupe wala sindano, anakaa na wagonjwa wa dini zote na wasio na dini pia. Nilidhani nimemaliza. Kumbe ndo nimefungua mlango, meseji zimemiminika, wengine mnauliza kwa upole wengine mmekuja na fimbo kabisa, na nimewapenda wote. Leo najibu kadhaa, majina nimeyatoa.

Mama shikamoo. Mimi hii habari ya chaplaini wa dini zote siiamini. Mtu hawezi kutumikia mabwana wawili, sasa wewe unatumikia kumi. Ukiwa kwa Muislamu unasoma dua, kwa Mkristo unaimba pambio, ukifika kwa Mhindu sijui unafanyaje. Huo si unafiki? – Msomaji asiyezunguka maneno

Marahaba mwanangu, na asante kwa kutozunguka. Mimi ni Mkristo, sijawahi kuficha, na nikitoka kazini nasali kama Mkristo. Ila ulivyoielezea hiyo kazi, ya kubadilisha kofia kila kitanda, hiyo na mimi ningeiita unafiki. Sio ninachofanya. Muislamu akitaka kusomewa Yasin sijifanyi sheikh, namtafutia wa kumsomea, na simu yangu imejaa namba za masheikh, mapadri, rabi mmoja, pandit mmoja, yani kuhani wa Kihindu, wachungaji wa kila rangi, na najua nani anapokea saa tisa usiku na nani ukimpigia muda huo atakujibu asubuhi na maelezo marefu. Mkatoliki akitaka mpako wa wagonjwa, ule ni wa padri au askofu, mimi hata ningekuwa na chupa ya mafuta mkononi siwezi. Kwahiyo sehemu kubwa ya kazi ni kujua mpaka wangu uko wapi alafu kukimbia kumleta mwenye haki yake.

Na sehemu nyingine ndo hii. Kuna neno moja kwenye faili la mgonjwa linaitwa "dini". Mtu kaingia usiku anatapika, karani kamuuliza haraka haraka, au kamjibia shemeji yake, neno likaandikwa. Mimi miaka yangu ya mwanzo nililiamini sana hilo neno. Nikaingia kwa mzee mmoja, faili limeandikwa Mkristo, nikavuta kiti, nikajitambulisha, na kabla hata hajanijibu vizuri nikafungua Zaburi ya 23, sauti yangu ile ya kanisani. Mzee akageuka akaangalia ukuta. Nikasoma mpaka mwisho kwa ukaidi, nikasema amina peke yangu, nikatoka nikamwambia nesi "amechoka". Nesi akanitazama tu.

Kesho yake nikarudi, kitabu nimekiacha ofisini. Nikamuuliza mzee, kuna kitu gani kinakusumbua leo? Akaweka mkono mdomoni akasema, kwa shida sana, "meno yangu". Basi. Walipomhamisha kutoka wodi ya dharura meno yake ya bandia yalibaki huko, siku nne yule mtu anaongea na madaktari huku amefunika mdomo, anakula uji tu, anaona haya mbele ya wajukuu. Nikashuka chini, nikapekua kabati la vitu vilivyosahaulika, nikakuta miwani saba, kiatu kimoja, na kikopo cha plastiki kina meno. Jina halipo, ila tarehe inalingana. Nikapeleka, yakaoshwa, yakaingia yakakaa. Yule mzee aliongea saa mbili! Ndo nikajua kanisa alishaliacha miaka thelathini nyuma, walipokataa kumzika mwanae aliyejiua, na kwamba hiyo Zaburi ya 23 niliyomsomea kwa sauti ndo aliisoma yeye mwenyewe pale kaburini, hana mchungaji, ana koleo.

Sasa nimekujibu? Sikumfanyia ibada ya dini yoyote. Na wala sikuihama dini yangu.

Alafu nikuibie siri kidogo, neno chaplaini lenyewe linatokana na nguo. Martin wa Tours, askari wa Kirumi wa karne ya 4, inasimuliwa alikata joho lake akampa nusu maskini aliyekuwa anatetemeka kwa baridi. Kile kipande, *cappella* kwa Kilatini, kikaja kutunzwa kama kitu kitakatifu na watunzaji wake wakaitwa *cappellani*. Hakuna sehemu kwenye kile kisa inayosema Martin aliuliza kwanza maskini ni wa dhehebu gani.

Baba yetu amelazwa, hali sio nzuri ila hatujamwambia wazi. Nesi kasema chaplaini yupo tukimtaka. Ndugu zangu wamekataa, wanasema akiingia tu mtu wa dini baba atajua anakufa. Tufanyeje? – Binti wa kwanza

Pole sana binti yangu. Hii hofu naijua, nikipita korido wengine wanaangalia chini kabisa kama nimebeba jeneza mgongoni. Lakini mimi naenda pia kwa aliyevunjika mguu, kwa mama aliyejifungua salama analia hajui kwanini, kwa kijana anayesubiri operesheni ya hernia anaogopa usingizi wa dawa. Na kwa manesi. Manesi sana.

Usimwambie "tumekuletea mtu wa kukuombea", hapo mtamtisha kweli. Mwambie nesi anitume kama ninavyopita kwa wengine, nitagonga, nitasema mimi ni nani na kazi yangu ni nini, sitadanganya kuwa mimi ni afisa ustawi, alafu nitamuuliza kama anataka nikae. Akisema hapana natoka. Fikiria kidogo maisha ya mgonjwa: sindano hachagui, saa ya kula kapangiwa, kuamshwa saa kumi na moja alfajiri kupimwa presha kapangiwa, gauni lenyewe limefungwa kwa nyuma. Mimi ndo mtu pekee siku hiyo ambaye mgonjwa anaweza kumfukuza na nikatii. Nishafukuzwa mara nyingi sana, wengine waliniita wenyewe baada ya siku mbili, wengine hawakuniita tena mpaka walipotoka, sawa tu.

Na samahani niseme hili ingawa hukuuliza. Baba anajua. Sisemi wote, ila wengi niliokaa nao ambao familia "haijawaambia", wananiambia mimi: mama, watoto wangu hawajui kama najua, usiwaambie. Kila upande wa kitanda unamficha mwenzake. Cicely Saunders, yule daktari Muingereza aliyeanza kama nesi na akafungua St Christopher's Hospice London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mtu anayeelekea mwisho ni ya mwili, ya akili, ya mahusiano na ya roho kwa pamoja, huwezi kutibu moja ukaacha mengine. Ndo maana mpaka Shirika la Afya Duniani likieleza huduma shufaa, yani ya kumpunguzia mateso mwenye ugonjwa mzito, linaitaja na shida ya kiroho. Morfini haiondoi kile kitu ambacho baba yako anataka kuwaambia na nyie mmemzuia kwa kumchekea sana.

Mimi ni nesi wa watoto wachanga, sio Mkristo. Usiku mmoja mtoto alikuwa anaondoka, wazazi Wakatoliki wanalia wanataka abatizwe, padri yuko mbali. Dokta akasema hakuna mtu. Bado linanikera. Ningeweza kufanya kitu? – Nesi wa zamu ya usiku

Ungeweza dada, na nakuambia sio kukuumiza, ni ili usiku mwingine ujue. Kwa sheria ya Kanisa Katoliki, kukiwa na dharura mtu yeyote anaweza kubatiza, hata asiyebatizwa yeye mwenyewe, ilimradi anakusudia kufanya kile ambacho Kanisa linakusudia. Iko kwenye Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 861. Unachukua maji safi, kwenye incubata, lile sanduku la joto la mtoto, hata ya kwenye bomba la sindano yanatosha, yale yaliyopashwa joto kidogo, unadondosha kichwani yatiririke, na unasema jina lake kisha "nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu". Sekunde kumi. Alafu unaandika saa, jina, nani kabatiza, nani alikuwepo, unawapa wazazi na sisi tunapeleka parokiani. Kama baba au mama anaweza kunyoosha mkono afanye yeye ni vizuri zaidi, wewe unashikilia tu kifuniko.

Mambo mawili uyashike. Wazazi ndo wanaoomba, haifanywi kimya kimya kwa sababu nesi ameona huruma, hasa kama wazazi ni wa dini nyingine au hawana. Nimeona ugomvi mkubwa wa hili, na wazazi walikuwa na haki. La pili, mtoto akishafariki Wakatoliki hawambatizi, sakramenti ni za walio hai. Hapo ndo mnaniita na mimi nisiye padri ninafaa: tunampa jina, tunambariki, tunamuomba Mungu ampokee, tunachukua alama ya kiganja kwa wino. Ila ukikuta umechelewa dakika mbili usisimame pale kuwapa wazazi somo la theolojia, kaa nao.

Na kuhusu ule usiku, hukujua. Aliyetakiwa kukufundisha hilo ni mtu kama mimi, na nyie zamu ya usiku huwa mnasahaulika kwenye semina zetu zote za saa nne asubuhi.

Wodini kwetu kila jioni anakuja mtu na spika ndogo anahubiri katikati ya vitanda, mgonjwa mwenzangu ni Muislamu na ametoka operesheni, anaambiwa akiokoka atapona. Huyo naye ni chaplaini? – Mgonjwa kitanda cha dirishani

Hapana. Hapana kabisa. Kumtaka mtu abadili dini akiwa amelala, ana dripu, hawezi hata kusimama akaondoka, hiyo kwetu ni kosa la kufukuzwa kazi. Na kumwambia mtu akiamini atapona ni ukatili, manake asipopona mmemwachia ugonjwa na lawama juu yake. Mwambieni nesi mkuu wa wodi, sio kwa kunung'unika, kwa maandishi. Mhubiri ana haki ya kumtembelea muumini wake aliyemuita, anakaa kwenye kile kitanda, anashusha sauti, basi.

Nitakuwa mkweli, wengine wa hawa wana moyo mzuri, nimewahi kumchukua mmoja nikamwambia njoo Jumanne unisaidie kuwasukuma wagonjwa kwenye kiti cha magurudumu waende kuota jua. Alikuja mara mbili. Spika aliacha nyumbani.

Mama naomba kuuliza kifupi, mimi ni mgonjwa wa sukari natumia insulini na Ramadhani nataka kufunga, daktari kakataa, naona kama imani yangu inadharauliwa.

Kifupi: mimi sio wa kukupa fatwa na daktari naye sio. Ila hamjagongana kama unavyodhani. Sura ya Baqara, aya ya 184 na 185, mgonjwa karuhusiwa kuacha na kulipa siku nyingine, na asiyeweza kabisa kuna fidia ya kulisha maskini. Hiyo ruhusa ni ya dini yenyewe, haijatoka hospitali. Ninachofanya mimi wakija wagonjwa kama wewe ni kukaa wote chumba kimoja, mgonjwa, daktari na sheikh anayeaminika, manake mgonjwa akiambiwa "usifunge" na dokta anasikia amri ya mtu asiyejali, akiambiwa na sheikh maneno yale yale anasikia rehema. Nenda wiki kadhaa kabla ya mwezi, sio siku ya kuandama, kwa sababu hata wale wanaokubaliwa wanahitaji kupangiwa dozi upya. Na sukari ikishuka mchana unafungua hapo hapo, usisubiri adhana.

Hii hii iko kwenye swala. Kuna wagonjwa wanaacha kuswali kwa sababu hawawezi kusimama, au wanajiona hawana udhu na mashine zote zile, wanalala na huzuni mwezi mzima. Asiyeweza kusimama anaswali amekaa, asiyeweza kukaa analala ubavu, na maji yakimdhuru kuna tayamamu, udhu wa udongo safi. Wengi wanajua hili wakiwa wazima. Kitandani watu husahau.

Kaka yangu hana dini na hataki kusikia habari za Mungu. Chaplaini kamtembelea mara tatu. Si ni kumlazimisha huko? – Dada mtu

Kama alikataa na bado mtu anarudi, ndio ni kumlazimisha, lalamika. Kama anamkaribisha mwenyewe, uliza wanaongea nini, utashangaa. Mimi mgonjwa wangu mmoja asiye na dini tuliongea zaidi kuhusu njiwa wake, nani atawalisha. Alitaka mtu mmoja kwenye jengo lile asiyemuuliza amepata choo lini. Uingereza na Uholanzi hospitali nyingine zimeajiri wahudumu wasioamini Mungu kabisa kwa kazi hii hii, na wagonjwa wanaoamini nao wanakaa nao vizuri tu.

Hata hivyo usiniwekee maneno mdomoni kwamba dini haijalishi. Kwa anayeamini inajalisha kuliko kitu chochote, na ukimpa "maongezi mazuri" wakati anataka shahada, ile kauli ya imani ya Kiislamu, au rozari umemnyima chakula ukampa picha ya chakula.

Shangazi ni Shahidi wa Yehova anahitaji damu, amekataa, sisi ndugu tumegawanyika. Chaplaini si anaweza kumshawishi?

Sitamshawishi, na pole kwa jibu hili. Naweza kufanya mambo matatu tu. Kuhakikisha anachokisema ni chake, yani nakaa naye peke yake, ndugu nje na wazee wa kutaniko nje, namuuliza unataka nini. Kuhakikisha ameelewa dokta alichomwambia, kwa lugha yake sio kwa lugha ya dokta. Na kuuliza vizuri anakataa nini hasa, kwa sababu Mashahidi wanakataa damu nzima na sehemu zake kuu nne, chembe nyekundu, nyeupe, chembe sahani na plazma, ila vipande vidogo vinavyotolewa humo, kama albumini, kila mtu anaachiwa dhamiri yake. Wengi wanatembea na kadi iliyosainiwa inayoeleza. Na wana kamati zao zinazojua madaktari wenye uzoefu wa kuoperesheni bila kuongeza damu, nesi hana muda wa kuwatafuta, mimi ninao.

Akiwa mtu mzima na akili timamu, na akaelewa, basi ni mwili wake. Kwa mtoto mdogo ni habari nyingine, nchi kadhaa mahakama huingilia. Nyie ndugu mnaogombana korido ndo mnanihitaji zaidi kuliko shangazi, nikiwa mkweli. Yeye huwa ametulia.

Nikimwambia chaplaini siri, anamwambia daktari?

Kwa kawaida hapana. Kwenye faili naandika kwamba tumeonana na kitu cha kumsaidia anayekuhudumia, mfano "anaomba nyama ya nguruwe isiwepo kwenye chakula wala kwenye dawa ikiwezekana", na hapo kuna kazi kweli, manake heparini ile ya kuzuia damu kuganda kwa kawaida hutengenezwa kutokana na utumbo wa nguruwe na wagonjwa wengi hawajui. Uliyoniambia ya ndoa yako hayaendi kokote. Ila ukiniambia unataka kujiua, au kuna mtoto anaumizwa nyumbani, hilo sitalifungia kifuani, na nakuambia mapema kabla hujaanza ili usije ukasema nilikutega.

Nina miaka 26, nimesoma theolojia, nataka kuwa chaplaini. Inatosha kuwa na wito? – Kijana mwenye wito

Wito unakufikisha mlangoni, mwanangu. Huko ndani kuna mafunzo na yanauma. Aliyeyaanzisha ni Anton Boisen, mchungaji Mmarekani ambaye mwaka 1920 alilazwa yeye mwenyewe hospitali ya magonjwa ya akili, akatoka akasema wanafunzi wa theolojia wasome watu walio hai kama wanavyosoma vitabu, na mwaka 1925 akaanza na wanafunzi wachache pale hospitali ya Worcester, Massachusetts. Nalipenda sana hilo, kwamba kazi yetu ilianzishwa na mgonjwa. Leo Marekani kozi moja ya mafunzo hayo ni masaa 400 angalau, na anayetaka cheti kamili anapitia nne, 1600 jumla, juu ya digrii.

Kinachouma sio masaa. Unatoka kwa mgonjwa unaenda kuandika maongezi neno kwa neno, alisema hivi nikajibu hivi, akanyamaza, nikakohoa. Alafu unasoma mbele ya wenzako na msimamizi, ambao mmoja ni mtawa mmoja ni imamu mmoja haamini chochote, na msimamizi anakusimamisha: hapa aliposema "nimechoka na haya yote", mbona ulimuuliza habari za watoto wake? Unasema nilitaka kumtia moyo. Anakuambia, ulikimbia. Na ni kweli ulikimbia. Mimi ile karatasi yangu ya kwanza ilikuwa na kurasa tano, ukihesabu maneno ya mgonjwa hayafiki nusu ukurasa. Nilikuwa nahubiri tu.

Ukiweza kusomewa hivyo mbele ya watu na kesho yake ukarudi wodini, njoo.

Mwisho, samahani swali langu ni la kitu kidogo. Mama yetu alikuwa anaondoka, tuliomba kitanda kigeuzwe aelekee kibla, wakasema haiwezekani kwa sababu ya mashine. Tulikosea kuomba? Na wakawakatalia pia jirani zetu kuwasha ubani.

Ubani na mshumaa kwenye oksijeni ni moto, hapo wako sahihi, hakuna mjadala, kuna taa ndogo za betri nawapa watu. Na kwa kuwa umefungua mada ya vitu vidogo, manesi mnaosoma hapa: kamba ya mkononi ya Mhindu na bangili ya chuma ya Singasinga hazikatwi wala hazivuliwi bila kumuuliza, kwenda thieta inatosha kuifunika kwa plasta.

Kibla sasa. Hamkukosea hata kidogo. Ikishindikana kugeuza kitanda mtu analazwa ubavu wa kulia, au anabaki chali miguu ikielekea kibla na kichwa kikiinuliwa kidogo kwa mto, na ikishindikana na hiyo hakuna dhambi, masheikh wote niliowahi kuwauliza wamenijibu hivyo. Anayemkumbusha shahada anaikumbusha taratibu, akishaitamka hasumbuliwi tena. Kilichokosekana kwenu ni mtu wa kuomba mapema. Ukiomba dakika ya mwisho nesi anaona waya tu.

Niliwahi kufanya hilo zoezi kwa mzee mmoja wa ICU. Tulikuwa wanne, nesi wake ameshika bomba la mashine ya kupumulia, fundi wa mitambo anahamisha plagi moja moja, mtoto wa mzee ana simu yenye dira anasema bado, bado, kidogo tena, na mimi nimepiga magoti naachia breki za magurudumu, mbili zilikuwa zimekwama. Dakika ishirini na kitu. Kitanda kikakaa mshazari katikati ya chumba kama gari lililopakiwa vibaya. Dokta wa asubuhi akaingia, akasimama, akauliza nani kafanya hivi, akaelezwa, akazunguka akaendelea na raundi yake. Mzee aliishi siku tatu zaidi, na kwa siku zote hizo kila aliyeingia chumba kile aligonga goti kwenye ile kona ya kitanda. Mimi mwenyewe mara mbili.